Kituo Hakijazwi na Mlango wa Kuingilia: Tathmini ya Huduma ya Mapokezi ya Wakimbizi

Huduma ninayoitathmini hapa haina mteja aliyeichagua. Mtu anayeshuka kwenye boti alfajiri, au anayevuka mpaka kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni, hawezi kulinganisha kituo kimoja na kingine, na asiporidhika hana mahali pengine pa kwenda. Ndiyo maana naamini kwamba huduma ya kuwapokea wakimbizi, pamoja na mabweni na mahema wanamozuiliwa wakati mashauri yao yakishughulikiwa, inastahili kupimwa kwa ukali kuliko huduma nyingine yoyote ya umma. Nimefanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili katika vituo vya aina hii kwa miaka kadhaa. Kile nilichokitumikia kwa muda mrefu zaidi sitakitaja jina, kwa kuwa kasoro nilizoziona humo ndizo zilezile zilizoandikwa juu ya vituo vilivyo katika mabara mengine.

Vituo vinapofurika, maelezo ya kwanza ya wasimamizi huwa kwamba wamekuja watu wengi mno. Maelezo hayo ni nusu ya hesabu. Idadi ya watu walio ndani ya kituo siku yoyote ile hutokana na namba mbili zinazozidishwa: wanaoingia kwa siku, na siku ambazo kila mmoja wao anakaa. Wakiingia watu 100 kwa siku na kila mmoja akakaa siku 1, vinahitajika vitanda 100. Wakiingia watu 100 haohao na kila mmoja akakaa siku 30, vinahitajika vitanda 3,000, ingawa hakuna hata boti moja iliyoongezeka. Serikali haina uwezo mkubwa juu ya namba ya kwanza, kwa sababu vita havisubiri bajeti ya mtu; namba ya pili iko mikononi mwake karibu yote. Kwa hiyo ninapokitathmini kituo, naanza kwa kuuliza mtu anatokaje humo, anakwenda wapi, na baada ya siku ngapi. Mengine yote, kuanzia magodoro hadi tabia ya walinzi, huharibika kwa kufuata jibu la swali hilo.

Kituo cha Manston, katika jimbo la Kent nchini Uingereza, ni mfano ulio wazi. Kilifunguliwa mwaka 2022 katika eneo lililokuwa la jeshi, kwa ajili ya watu wanaovuka Mlango wa Bahari wa Uingereza kwa boti ndogo, na kilipangwa kuhudumia watu wasiozidi 1,600 ambao kila mmoja angemaliza uchunguzi wa awali ndani ya saa 24 na kuondoka. Kwa mpango ule kilikuwa kituo kizuri. Mwaka huo walivuka watu 45,755, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kabla yake, lakini kilichokiangusha kituo ni kwamba mahali pa kuwapeleka watu baada ya zile saa 24 palikosekana. Kufikia mwisho wa Oktoba walikuwamo takriban watu 4,000. Mkaguzi Huru Mkuu wa Mipaka na Uhamiaji wa wakati huo, David Neal, aliieleza kamati ya bunge kwamba alikutana na familia ya Kiafghani iliyokuwa imekaa ndani ya hema kwa siku 32. Ugonjwa wa dondakoo ulizuka. Kisha, kabla ya Novemba kwisha, kituo kikabaki kitupu, kwa sababu watu walihamishiwa hotelini na katika makazi mengine. Idara iliyosema mwezi uliotangulia kwamba imezidiwa iliweza kukiondoa chote kilichokuwa kimerundikana kwa wiki chache, mara tu ilipoamua kuwatafutia watu mahali pa kwenda, na mimi sioni ni kwa nini uamuzi huo haukufanywa mwezi Septemba.

Hesabu hiyo hiyo hufanya kazi hata mahali pasipo na ukuta wala mlinzi. Mwezi Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walikusanyika Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania, kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima mikali. Walifika makumi ya maelfu katika kijiji ambacho hakikuwa na barabara ya gari. Njia ya kutoka ilikuwa ama kupanda mlima, jambo lisilowezekana kwa wazee na wagonjwa, ama kusubiri meli ya MV Liemba, chombo kilichojengwa zamani za ukoloni wa Kijerumani, ambacho kiliweza kubeba watu wapatao 600 kwa safari. Kipindupindu kiliingia ufukweni na kuua watu kabla wengi hawajafikishwa Kigoma. Waliokuwa wakiendesha kazi ile wanastahili heshima, maana walifanya kila lililowezekana kwa vyombo walivyokuwa navyo. Ninaitaja Kagunga kwa sababu inaonyesha bila kificho yale ambayo katika nchi tajiri hufichwa nyuma ya majengo ya zege: mahali pa kupita pakigeuka mahali pa kukaa, ugonjwa haukawii.

Kwa upande mwingine sitaki kuificha hoja inayonipinga. Yapo mafuriko ya watu ambayo hakuna utaratibu unaoweza kuyazuia yasizidi uwezo wa siku moja. Lampedusa, kisiwa kidogo cha Italia chenye wakazi wapatao 6,000, kilipokea karibu watu 7,000 ndani ya siku mbili mwezi Septemba 2023, hali kituo chake kilikuwa na nafasi 400. Watu walilala nje, na foleni zilikuwa za kuumiza moyo. Hata hivyo naipa huduma ile alama nzuri kuliko Manston, kwa kuwa meli zilianza kuwahamisha mara moja kuelekea Sicilia na bara, na msongamano ukapungua kwa siku chache. Kituo kinachojaa Jumanne na kupumua Jumapili kimepatwa na dharura. Kinachojaa mwezi Machi na kuwa kimejaa zaidi mwezi Septemba kimejazwa na wanaokisimamia.

Mfano unaonishughulisha kuliko yote ni Kisiwa cha Christmas, eneo la Australia lililo katika Bahari ya Hindi, kilomita zipatazo 2,600 kutoka Perth. Tangu mwaka 1992 sheria ya Australia imeamuru kwamba mtu anayefika bila viza azuiliwe, na baada ya marekebisho yaliyofuata hakukuwa na ukomo wa muda. Kituo kipya kilianza kutumika kisiwani mwishoni mwa mwaka 2008, kikiwa na nafasi 400 za kawaida, zinazoweza kufika 800 wakati wa dharura. Boti zilipoongezeka mwaka 2009 kituo kilianza kubanwa, lakini bado kilikuwa kinahimili, kwa kuwa mashauri yalikuwa yakisonga mbele na waliokubaliwa walikuwa wakiondoka. Tarehe 9 Aprili 2010 serikali ilisitisha kushughulikia maombi mapya ya Wasri Lanka kwa miezi 3 na ya Waafghani kwa miezi 6. Hao ndio waliokuwa wengi miongoni mwa waliofika. Boti hazikukoma kuja, ila mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa amri.

Yaliyofuata yangeweza kukadiriwa na mtoto wa shule kwa kuzidisha namba mbili. Mahema yalisimamishwa, vyumba vya shughuli nyingine viligeuzwa mabweni, na kufikia mapema mwaka 2011 watu waliozuiliwa kisiwani walizidi 2,500. Mwezi Machi mwaka huo kulizuka ghasia, na sehemu ya majengo ikachomwa moto. Katikati ya kipindi hicho, tarehe 15 Desemba 2010, boti ilivunjika kwenye miamba ya kisiwa hicho mbele ya macho ya wakazi waliokuwa wakirusha majaketi ya kuokolea kutoka juu ya majabali, na makumi ya watu wakafa. Baadhi ya manusura waliingizwa katika kituo kile kile kilichofurika. Mtu aliyemwona nduguye akizama anahitaji chumba chenye utulivu na mtu wa kuzungumza naye kwa lugha yake. Mahali palipojaa mara tatu ya uwezo wake hapawezi kumpa hata kimoja kati ya hivyo viwili, hata kama kila mfanyakazi aliye zamu ana moyo wa huruma.

Nafuu ilikuja pale serikali ileile ilipopanua njia za kutoka. Mwezi Oktoba 2010 ilitangaza kwamba familia na watoto wataanza kuhamishiwa kwenye nyumba ndani ya jamii, na kuanzia Novemba 2011 ilianza kutoa viza za muda kwa baadhi ya waliofika kwa boti, ili wasubiri majibu wakiwa nje. Kwamba mwaka 2012 Australia iligeukia tena kuwapeleka watu Nauru, nchi ya kisiwa, na katika Kisiwa cha Manus cha Papua New Guinea ni jambo la kusikitisha, kwa sababu kwa kufanya hivyo ilijenga vituo vingine viwili ambavyo havikuwa na mlango wa kutokea. Mahakama ya Juu ya Papua New Guinea iliamua mwezi Aprili 2016 kwamba kuwazuilia watu Manus kulikiuka katiba ya nchi hiyo. Australia kwenyewe, kizuizi kisicho na ukomo kwa mtu asiye na matumaini ya kweli ya kuondolewa nchini karibuni kilidumu hadi tarehe 8 Novemba 2023, mahakama ya juu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba na zaidi ya watu 140 wakaachiliwa. Kutoka sheria ile ya kwanza ya 1992 hadi hukumu ya 2023 ni miaka 31.

Kambi ya Moria, katika kisiwa cha Lesvos nchini Ugiriki, naipitia kwa haraka kwa kuwa imeandikwa sana. Baada ya makubaliano ya Umoja wa Ulaya na Uturuki ya Machi 2016, waliofika visiwani walizuiwa kwenda bara hadi maombi yao yaamuliwe, na maamuzi yalichukua miezi, kwa wengine miaka. Mahali palipokuwa na nafasi zisizofika 3,100 palikuwa na karibu watu 20,000 mwanzoni mwa mwaka 2020, wengi wao wakiwa kwenye maturubai katika mashamba ya mizeituni yanayoizunguka kambi. Iliteketea kwa moto mwezi Septemba mwaka huo. Waliofika visiwani mwaka 2015, wakati hakukuwa na zuio la kwenda bara, walikuwa wengi zaidi kwa mbali, na Moria haikuwahi kushona watu kiasi kile.

Sasa niingie katika sehemu ya huduma ninayoifahamu kwa mikono yangu mwenyewe, nayo ni usaili. Wasimamizi wengi huuhesabu ukalimani kuwa gharama ndogo ya pembeni, kumbe hapo ndipo siku za kukaa kituoni huongezeka au kupungua. Katika fomu lugha ya mwombaji huandikwa kwa neno moja, "Kiswahili", na mkalimani yeyote mwenye Kiswahili huitwa. Lakini Mbajuni kutoka visiwa vya kusini mwa Somalia, mtu wa Barawa, mji wa pwani hiyohiyo, anayezungumza lahaja ya Chimwini, na kijana wa Bukavu aliyechanganya Kiswahili na Kifaransa tangu utotoni hawasikilizani kirahisi na mkalimani aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni. Jambo hili ni zito, kwa sababu katika nchi kadhaa lahaja ya mtu hutumiwa kuthibitisha anakotoka: Mbajuni anayejitahidi kusema Kiswahili sanifu ili aeleweke na mkalimani anaweza kuhukumiwa kwamba ametoka mahali pengine.

Kuna kosa moja nililolikuta zaidi ya mara moja ambalo limebaki kifuani mwangu. Mwombaji mmoja alieleza katika usaili wa kwanza, kabla sijaanza kumhudumia, kwamba wenye silaha walifika nyumbani kwake saa mbili usiku. Mkalimani aliyekuwapo aliihamisha namba ile kama ilivyo, na ofisa akaandika saa mbili baada ya usiku wa manane. Katika usaili wa pili yule bwana alisema kwamba watoto walikuwa hawajalala na majirani walikuwa bado barazani. Ofisa aliona hadithi mbili zinazopingana, akaandika kwamba mwombaji haaminiki, na shauri likaenda rufaa. Tofauti ya saa sita, ambayo kila mtu anayesoma maandishi haya anaijua tangu alipojifunza kusoma saa, ilimweka yule mzee kizuizini wiki 11 zaidi. Neno "ndugu" nalo hutesa watu vivyo hivyo: aliyesema ana ndugu watano na baadaye akataja kaka wawili huonekana mwongo, ilhali amesema kweli mara zote mbili. Kituo kinachotaka kupunguza msongamano kingepata faida kubwa kwa kuwalipa vizuri wakalimani wa lahaja sahihi na kurekodi usaili kwa sauti tangu siku ya kwanza, kabla ya kununua hema jingine.

Usajili, kwa upande wake, ndiyo sehemu ya huduma iliyoboreka zaidi, na ni haki kulisema hilo. Alama za vidole na picha za mboni ya jicho zimepunguza kusajiliwa mara mbili na zimewalinda hata wakimbizi wenyewe dhidi ya watu wanaotumia majina yao. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, waliwahakiki upya wakimbizi wote nchini humo, na idadi iliyokuwa ikisemwa kuwa takriban milioni 1.4 ikashuka hadi takriban milioni 1.1. Ilikuwa aibu, lakini kazi ile ilikamilishwa kwa miezi michache na matokeo yalitangazwa hadharani. Ningependa kuona uwazi wa namna hiyo kuhusu siku ambazo watu hukaa vizuizini, taarifa ambayo ofisi nyingi hazitoi hadi zilazimishwe.

Uganda inastahili kutajwa kwa sababu kubwa zaidi ya hiyo. Makazi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, yalifunguliwa Agosti 2016 wakati Wasudan Kusini walipokuwa wakivuka mpaka kwa maelfu kila siku, na yalipofungiwa wageni wapya mwezi Desemba yalikuwa na zaidi ya watu 270,000. Kwa hesabu ya vitanda vya kituo cha kuzuilia, jambo hilo lisingewezekana kabisa. Liliwezekana kwa sababu Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unawatambua pia wanaokimbia machafuko yanayovuruga amani ya nchi yao, na hivyo kundi zima linaweza kutambuliwa bila kila mtu kusailiwa peke yake. Mtu alipita kituo cha mapokezi, akasajiliwa, akapewa kipande cha ardhi na haki ya kutembea na kufanya kazi. Siku za kukaa kituoni zilikuwa chache mno. Huduma hii ina upungufu wake: maji yalisafirishwa kwa malori kwa muda mrefu, madarasa yalifurika wanafunzi, na fedha za wahisani zimekuwa zikipungua huku wakimbizi wakiongezeka. Bado, kwa kigezo nilichokieleza mwanzoni, sijaona mapokezi ya watu wengi kiasi hicho yaliyofanyika kwa utu zaidi.

Watetezi wa vituo vya kuzuilia husema kwamba mtu akiachwa nje atatoroka. Wasiwasi huo unaeleweka, na ofisa anayeulizwa maswali bungeni ana haki ya kuwa nao. Lakini Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali iwapo ametoka moja kwa moja mahali alipotishiwa, amejitokeza kwa mamlaka bila kuchelewa na ana sababu ya msingi. Na unaruhusu vizuizi vya kutembea pale tu vinapohitajika. Miongozo ya UNHCR ya mwaka 2012 inataja njia za kutumia kabla ya kizuizi: kuripoti ofisini kwa siku zilizopangwa, kukaa katika anwani iliyosajiliwa, kudhaminiwa na ndugu au shirika. Kwa niliyoyaona, mwombaji aliyepewa wakili na kuelezwa tarehe ya hatua inayofuata hufika mapema na bahasha ya karatasi zake kwapani. Anayefikiria kutoroka ni yule ambaye hajaambiwa lolote kwa miezi. Kuhusu watoto, sina la kupima: mtoto hapaswi kuwamo katika majengo yale hata usiku mmoja, na kituo chochote kinachomweka kinapata sifuri kwangu.

Mtihani ulio karibu ni wa Umoja wa Ulaya. Sheria mpya za uhamiaji na hifadhi zilizopitishwa mwaka 2024, ambazo tarehe ya kuanza kutumika kwake ni Juni 2026, zinaweka uchunguzi wa awali usiozidi siku 7 na utaratibu wa mpakani usiozidi wiki 12, na zinataka nchi wanachama ziwe na jumla ya nafasi 30,000 kwa ajili hiyo. Nafurahi kwamba safari hii muda umeandikwa ndani ya sheria. Kila mtu akimaliza kwa wiki 12, nafasi hizo zitahudumia watu wapatao 357 kwa siku. Lakini anayekataliwa anaweza kuingizwa katika wiki 12 nyingine za utaratibu wa kurudishwa, akiwa amekalia kitanda kile kile, na kama wote watakuwa wa namna hiyo, nafasi zile 30,000 zitatosha watu 178 tu kwa siku, kabla ya kuhesabu mkalimani aliyechelewa au wakili ambaye hakupatikana.